Jina Nililomwazima Umuhoza

Mimi si mtu wa kusamehe haraka. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akaniambia kwamba nimemsengenya rafiki yangu. Umuhoza nampenda. Nimefanya naye kazi miaka saba katika atelye moja ya kushona hapa Keshero, mashini yangu karibu na mlango, yake kule nyuma penye dirisha, na katika miaka hiyo nimemfokea kuliko nilivyowahi kumfokea mume wangu kabla hajaondoka. Lakini hofu niliyo nayo sasa, hii inayonifanya nishtuke kila simu inapolia, imetoka kwake. Imetoka kwangu pia, maana jina nilimpa mimi.

Mimi ni Kahindo, Mnande wa Butembo. Yeye ni wa Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, kifungua mimba wa mama Mukabalisa, mjane aliyezaa wasichana wanne watupu. Kwao wanasema Kinyarwanda. Wadogo zake waliolewa mbali, yeye akaja Goma kujifunza kushona, akabaki. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Mteja akimwambia mkono wa gauni umepinda, aliufumua hata kama haukupinda. Ukimuuliza jina, ilibidi umuulize mara mbili.

Mwaka wa 2021, mwezi wa tano, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulimwaga moto jioni ya Jumamosi hadi ukingoni mwa mji. Moto ulisimama, ardhi ikakataa kusimama. Ilitetemeka siku nzima, mara nyingine sindano ikiwa katikati ya kitambaa. Alhamisi asubuhi watu wakaamriwa kuondoka, na mji mzima ukamiminika kwenye barabara ya Sake, ambayo inapita mbele ya mlango wetu. Magodoro, masufuria, mbuzi, wazee wamebebwa mgongoni. Na watoto waliopoteana na mama zao.

Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka minne hivi, analia bila sauti. Umuhoza alimwingiza ndani akampa maji. Simu yake mwenyewe ilikuwa imepotea Jumamosi ile alipokuwa anakimbia, basi akaniomba yangu. Nilikuwa nimefungua ukurasa wa Facebook ili kuonyesha magauni, nikaupa jina la Kahindo wa Keshero, na picha yake ilikuwa kitambaa tu, si uso wangu, maana mimi uso wangu sipendi uangaliwe bure. Umuhoza akapiga picha ya mtoto, akaandika: "Mutoto huyu iko hapa kwetu, amevaa kiatu kimoja, anasema mama yake anaitwa Mama Furaha. Tunamushika. Kuyeni." Saa nane mama yake alifika akipiga magoti tangu barabarani.

Kwa siku tatu tulirudisha watoto kumi na wanne. Watu waliandika: Kahindo, Mungu akubariki. Kahindo, weye ni mama ya batu. Umuhoza alinisomea kila neno, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Nilimtania.

"Jina ni langu, sifa ni zako. Chukua basi na ukurasa wenyewe."

Nilisema kwa mzaha. Yeye aliuchukua kweli. Aliponunua simu nyingine aliuhamishia humo, akabadili neno la siri, na mimi sikujali. Nilikuwa na gauni tano za harusi za kumaliza.

Mwanzoni ilikuwa raha kumwona. Huyu aliyekuwa anaufumua mkono ulionyooka, kule ndani ya ukurasa alikuwa anagombeza wakubwa kuhusu maji na barabara, anawapa wasichana mashauri ya ndoa, anachekesha. Watu elfu tano, kisha elfu kumi, kisha elfu ishirini. Asubuhi alifika kazini amekaa wima. Lakini mteja akiingia na kumkemea, alirudi kuwa Umuhoza palepale, macho chini, na nilimwona akiigusa simu mfukoni mwa aproni kama mtu anayehakikisha ufunguo wake upo.

Halafu vita vikaja. Mwaka uliofuata waasi, wengi wao wasemao Kinyarwanda, walishuka, na kufikia mwisho wa mwaka barabara ya Rutshuru ilikuwa mikononi mwao, Kalengera ikiwemo. Mama Mukabalisa alikimbia na kikwembe kimoja na sufuria moja, akapata hema katika kambi ya Bulengo, si mbali na sisi. Alikataa kuhamia chumba cha binti yake. Alisema jina lake limeandikwa kambini na akiondoka atakosa unga. Nadhani hakutaka kumbana.

Mjini hewa ilibadilika. Mtu wa pikipiki alikuuliza jina, ajue kabila lako, kabla ya kukupandisha. Wanawake sokoni walikuangalia pua. Waliozungumza Kinyarwanda, hata wale ambao babu zao walizikwa hapa, walianza kunong'ona hata nyumbani kwao. Umuhoza aliacha kupokea simu ya mama yake akiwa barabarani. Akiwa nami mtaani alinishika mkono, na nilijua anataka nimwite kwa Kinande ili watu wasikie. Nilimwita. Nilimwona akipumua.

Na kule kwenye ukurasa alikuwa Kahindo. Jina la Kinande, hakuna wa kumgusa. Watu walianza kumwandikia: kikulacho ki nguoni mwako, Kahindo, tuchunguze majirani. Wengine walitaja nyumba. Mwanzo alifuta maneno hayo usiku na mchana. Baadaye akachoka, akayaacha. Siku moja nikaona, chini ya neno moja chafu mno, Kahindo amejibu: "Kweli."

Niliweka mkasi chini.

"Umuhoza, hii njo nini? Huyu anasema batu ya kwenu. Anasema mama yako!"

"Nisipojibu bataanza kuuliza juu ya nini Kahindo ananyamaza."

"Kahindo ni miye! Miye sikusema hivi!"

Aliniangalia kwa upole, akaniambia, "Si weye. Si miye pia. Ni ule wa mule ndani."

Nilipiga meza hadi pini zikaruka. Lakini nitasema ukweli: nilinyamaza baada ya hapo. Nilikuwa naogopa kwa ajili yake, na nilidhani ule uongo unamlinda. Baada ya "Kweli" yakaja maneno mengine, marefu zaidi, na waasi walitukanwa kila Jumatatu kwa ufundi mkubwa. Elfu ishirini walipiga makofi. Alisoma makofi hayo, halafu jioni alibeba unga na samaki wadogo wa sambaza akampelekea mama yake kambini, wakaongea Kinyarwanda chini ya turubai, kwa sauti ya chini.

Kitu kilichonitisha zaidi hakikuwa matusi. Kilikuwa hiki: alianza kukumbuka maisha yangu. Mimi ni mwongeaji. Kwa miaka yote nikishona nilikuwa nasimulia Butembo, ukungu wa asubuhi, kahawa ya mama, siku baba yangu Grégoire alipoanguka na baiskeli kwenye daraja. Yote yalitokea kwenye ukurasa, mazuri kuliko nilivyoyasimulia. Siku moja nilimkumbushia kwamba baba siku ile alikuwa amebeba viazi. Umuhoza hakuinua kichwa.

"Ilikuwa maharagwe," alisema.

"Baba yangu, Umuhoza."

"Ilikuwa maharagwe. Naona ile mufuko mbele ya macho yangu."

Hajawahi kufika Butembo maisha yake. Na unajua nilifanya nini? Nilimpigia kaka yangu Butembo kumuuliza. Kaka akasema viazi, akacheka, akauliza kama nina homa. Nilikata simu nimeogopa, si kwa sababu Umuhoza alikosea, bali kwa sababu kwa muda wa dakika kumi mimi mwenyewe nilikuwa nimeuona mfuko wa maharagwe.

Katika miaka hiyo kulikuwa na watu wabaya waliopigia wakimbizi simu, wakijifanya watoto wao, wawatoe kambini kwa hila. Umuhoza akamwekea mama yake sheria: usiamini sauti ya simu, amini ukurasa tu. Ikiwa kuna jambo, nitaliandika pale, na Mukagasana atakusomea. Mukagasana ni jirani wa hema, mwanamke aliyesoma. Mama Mukabalisa hakujua kusoma Kiswahili, lakini kila asubuhi aliuliza: mtoto wangu ameandika nini? Alifurahi kwamba binti yake mwenye sauti ndogo sasa anasikika mbali. Jina la Kahindo halikumsumbua. Alidhani ni kama jina la duka.

Mwisho wa 2024, siku ya kuzaliwa kwake, Umuhoza aliandika jambo dogo. Watu walimpongeza na yeye akashukuru, akaongeza: "Miye njo kifungua mimba kwetu. Nyuma yangu banadada batatu, hakuna kijana. Mama alinilea kama kijana."

Katika miaka mitatu na nusu hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli aliloandika juu yake mwenyewe, na ndilo lililomponza. Kwetu Wanande jina la mtoto halichaguliwi, linafuata foleni. Msichana wa kwanza ni Masika. Kahindo ni yule anayekuja baada ya wavulana, anayegeuza mstari. Mimi nilikuja baada ya kaka watatu. Kahindo ambaye ni kifungua mimba, mwenye dada watupu, hayupo Butembo wala Beni wala Lubero. Hata mtoto wa shule ya chekechea kwetu angelijua hilo. Umuhoza alikuwa amechukua ukungu wetu, kahawa yetu na baba yangu na baiskeli yake, na hakujua kuhesabu.

Kijana mmoja wa Butembo anayejiita Benny aliandika chini yake: "Kahindo gani huyu anazaliwa wa kwanza? Masika alienda wapi?" Kufikia saa sita kulikuwa na majibu mia tatu. Si Mnande. Ni wao. Ni mpelelezi, tangu zamani anatusoma. Kufikia saa tisa mtu akaweka picha ya barabara yetu, mlango wetu umezungushiwa duara jekundu. "Atelye ya Keshero. Kesho tunaenda kumusalimia."

Nilifunga mlango na mchana ulikuwa bado mkali. Umuhoza alikuwa ameketi chini ya meza ya kukatia, magoti kifuani. Hakulia. Alikuwa anasoma, anasoma, na midomo yake inatamka kila tusi kama mtu anayejifunza sala. Nilimnyang'anya simu.

"Fungua direct, banione sasa hivi uso kwa uso," nikamwambia.

"Utafanya nini?"

"Nitakuwa Kahindo. Kuna mwingine?"

Nilijifunga kikwembe cha kanisani, nikasimama mbele ya ukuta, nikaonyesha uso huu nisiopenda uangaliwe. Niliongea Kinande, kisha Kiswahili. Nilitaja baba yangu Grégoire, kaka zangu watatu kwa foleni yao, kijiji cha mama. Nikasema msichana anayenisaidia kuandika amechanganya mambo ya kwao na ya kwetu, na kwamba yeyote anayetaka kunisalimia kesho aje na kitambaa chake, tunashona hadi saa kumi na moja. Nikamalizia na maneno makali juu ya waasi, kwa sababu nilijua wanayangoja.

Benny aliomba radhi. Watu waliandika kwamba nina uso wa mama. Nami, nitakiri, niliyasoma yale maneno mara mbili, na usingizi wangu ulikuwa mtamu.

Mwezi haukuisha. Januari Sake ilianguka, mabomu yakasikika hadi vioo vinacheza, na Jumatatu moja waasi wakaingia mjini. Tulilala sakafuni atelye siku tatu, mimi na Umuhoza, vichwa chini ya mashini za chuma. Hakuna maji, hakuna kurani ya kuwasha taa, hakuna rezo ya simu. Risasi ziliponyamaza tulitoka, na nilichokiona barabarani sitakiandika. Nilirudi ndani, nikakaa, na ndipo likanijia akilini kama maji ya baridi: uso wangu. Uso wangu na jina langu na maneno yangu makali, viko mule ndani, na wenye kutukanwa sasa ndio wenye mji.

"Ufute," nilimwambia. "Wote. Leo."

"Rezo haiko, Kahindo."

Ilikuwa kweli. Watu walikuwa wanakwenda karibu na mpaka kutafuta rezo ya ng'ambo. Siku ya sita alikwenda, mimi nikabaki nimefunga mlango. Nilikuwa nimeanza kusikia sauti yangu mwenyewe kila mahali. Jirani akicheka nyuma ya ukuta, nilidhani anaitazama ile video. Umuhoza alirudi saa saba.

"Nimeifuta," alisema.

Nilikula siku hiyo. Bugali na sombe ya majani ya muhogo, nilikula hadi nikalamba sahani. Simu yangu haikuwa na moto wa betri wala mega za intaneti, na sikuwa na sababu ya kutomwamini.

Walikuja Alhamisi, saa nne asubuhi. Watatu, wawili wana bunduki, na mmoja kijana wa nguo za kawaida, safi, mwenye adabu. Aliniambia anaitwa Ndayambaje. Alishikilia simu, na katika simu hiyo mimi nilikuwa naongea Kinande.

"Mama, huyu ni weye?"

Nilitazama kile kikwembe changu cha kanisani kwenye kioo cha simu yake, na sikuelewa. Ile video ilikuwa imefutwa. Aliniambia imefutwa.

Umuhoza alitoka nyuma akiwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja akaziweka mezani. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti kubwa namna ile.

"Uso ni wake, nilimuomba. Maneno yote ni yangu, ya miaka yote. Kahindo ni miye."

Ndayambaje alidai kitambulisho chake. Akasoma: Umuhoza, Kalengera. Akacheka kidogo, akamsemesha Kinyarwanda, na ninakielewa kiasi cha kujua alimwambia: dada, usijitwike mzigo wa watu wengine. Umuhoza hakubishana. Alitoa simu yake, akaandika neno la siri mbele yake, na ukurasa ukafunguka, mzima, na watu wake elfu ishirini na kitu. Yule kijana alisoma kwa muda mrefu, amesimama. Aliinua kichwa akamwambia, "Unaandika muzuri."

Walimchukua yeye na simu. Mimi sikusema neno. Ningeweza kusema: hapana, Kahindo ni mimi, na ingekuwa kweli kwa kila karatasi ya dunia hii. Nilikuwa na hasira naye kwa kunidanganya, na nilikuwa na hofu, na hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira. Nilisikia gari likiondoka, na nilifurahi kwamba si mimi. Hilo nalo nalisema wazi.

Siku ya nne mteja aliingia akitabasamu. "Kahindo, umeanza kuandika tena!" Akanionyesha. Ukurasa uliandika: "Bandugu zangu, barabara ya kaskazini imetulia. Miye mwenyewe niko Kalengera tangu juzi. Nyumba iko muzima, maharagwe imeota. Nangojea bangu. Rudini nyumbani." Kulikuwa na utani wake kuhusu sufuria, na ile njia yake ya kumaliza kwa kuuliza watu wamekula nini. Nilisema, basi yuko hai, maana anayeandika yuko hai. Nilijipa moyo hivyo siku tano. Mlango niliufungua kwa wateja tu, na Bulengo sikwenda. Wala sikuwaza kwenda.

Siku ya tisa alirudi kwa miguu. Hakuwa na simu, na sauti yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa anakwaruza badala ya kuongea, kwa baridi ya sakafu ya saruji aliyolalia, alisema. Nilimpa uji. Nikamuuliza kwa nini hakufuta.

"Nilifika pale mpakani, nikafungua, nikaweka kidole. Kidole kilikataa." Akanywa uji kidogo. "Mule ndani kuko batu elfu makumi mbili banaonijua. Inje kuko weye na mama. Ningefuta, ningebakia nani?"

"Ungebakia Umuhoza, mupumbavu weye!"

Nilimwonyesha yale maandishi ya Kalengera kwenye simu yangu. Aliyasoma polepole, na uso wake ulilainika, kama mtu aliyekutana na ndugu njiani.

"Niliandika hii siku gani?" aliuliza.

"Unaniuliza miye?"

"Siku ya kwanza niliwapa neno ya siri. Tangu siku ile sikushika simu." Alisoma tena. "Lakini hii sufuria... hii ni yangu kabisa."

Nilitaka kumchapa kofi na nilitaka kumkumbatia. Alikuwa hatanii. Alikuwa anatafuta ndani ya kichwa chake siku ambayo huenda alikuwa Kalengera, kama vile mimi nilivyoutafuta ule mfuko wa maharagwe. Halafu alifika kwenye mstari unaosema nangojea bangu, na niliona uso wake ukipauka.

"Mama," alisema.

Tulikwenda Bulengo mbio, yeye akijikokota. Kambi ilikuwa inafumuliwa. Walioushika mji walikuwa wamewataka watu warudi kwao, na mahali palipokuwa na mahema mengi palibaki mawe meusi na vijiti. Mukagasana alikuwa anafunga mizigo yake. Alipomwona Umuhoza alipiga yowe.

"Weye! Lakini weye uko Kalengera!"

Alitueleza. Alikuwa amemsomea mama Mukabalisa yale maandishi mara nne, kwa sababu mama hakushiba kuyasikia. Mtoto wake amefika nyumbani, nyumba ni nzima, anamngoja. Wengine walisita, wakasema watasubiri waone. Yeye alipanda lori la kwanza, Jumanne, na sufuria yake kichwani, akiimba.

Tulisimama pale pale tukampigia kwa simu yangu. Tulipiga mara tano kabla rezo haijakubali. Mama Mukabalisa alipokea, na nyuma yake nilisikia upepo na mlango unaogonga-gonga. Waliongea Kinyarwanda, na simu ilikuwa wazi, nilisikia yote.

"Nani?"

"Mama, ni mimi. Uko wapi?" Sauti ilimtoka kama kopo linalokwaruzwa.

"Niko kwangu. Wewe nani?"

"Ni mimi, mtoto wako. Mama, ondoka hapo. Usilale hapo leo. Mimi siko huko, niko Goma, yale maandishi siyo yangu."

Mama aliposema tena sauti yake ilikuwa imekauka.

"Nambari hii siijui. Na sauti hii siijui. Mtoto wangu alinikataza kuamini watu kama nyinyi. Ameandika kwamba yuko hapa. Nimekuta nyumba haina mtu, haina paa, lakini ameandika, basi ametoka kidogo, anarudi."

"Mama, nakuomba. Nakuapia. Ni mimi!"

"Mimi nani? Sema jina."

Nilimtazama Umuhoza. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, na nilimwona akilitafuta. Nilimwona. Lilikuwa neno moja tu, la mama yake, alilopewa kabla hajajua kulia. Nilifungua mdomo nimsaidie, nikachelewa.

"Kahindo," alisema. "Ni Kahindo, mama."

"Mtoto niliyemzaa anaitwa Umuhoza," mama akasema, akakata.

Tulipiga tena na tena, hadi moto wa simu ukakaribia kwisha. Haikuita. Alikuwa ameizima, ili watu wabaya wasimsumbue wakati anamngoja mtoto wake.